Baiskeli ya Mtumba Katika Mitaa ya Ngamiani

Mgeni aingiaye Tanga kwa mara ya kwanza huenda akastaajabia jambo moja kabla ya mengine, nalo ni wingi wa baiskeli. Mji umelala tambarare, kuanzia ufuo wa Raskazone hadi Makorora na Mabawa, wala hakuna mlima wa kumkata mtu pumzi. Mitaa ya Ngamiani imenyooka, nayo huitwa kwa namba, hata mtoto aliyetumwa dukani hapotei. Kati ya Ngamiani na upande wa bahari inapita reli, ile iliyoanza kujengwa mwaka 1893. Asubuhi, watu wakishatoka katika sala ya Alfajiri, reli hiyo huvukwa na wazee wa kanzu, mafundi wenye misumeno keriani na wauza samaki, wote juu ya magurudumu mawili.

Sisi tunakaa Makorora, na kazi yetu ya ukarani iko jirani na bandari. Kwa miaka kadhaa tulikuwa abiria wa daladala. Nauli ya kwenda na kurudi ilitutoka shilingi 1,200 kila siku, na kwa siku 26 za kazi ikawa 31,200 kwa mwezi. Mama wa watoto wetu ndiye aliyeipiga hesabu hiyo usiku mmoja, nyuma ya daftari la mtoto, akatusogezea bila ya kusema neno. Fedha hiyo ilizidi ada ya madrasa ya watoto wetu wote watatu.

Tukadunduliza hadi tukafikisha shilingi 130,000. Kisha tukaenda kumwamkia mzee mmoja fundi wa baiskeli mtaani kwetu, tukamwuliza kama tutafute yenye gia. Mzee akacheka. "Ustadhi, gia za nini katika mji usio na kilima? Kila kinachoongezwa ni kitu kingine cha kuharibika." Na kweli, baiskeli isiyo na gia ina vitu vichache, na vipuri vyake hupatikana kwa kila fundi aliyekaa chini ya mwarobaini.

Mzee akatufunza namna ya kukagua. Kwanza, inua gurudumu ulizungushe. Likiyumba, rimu imepinda au spoki zimelegea. Pili, shika mkono wa pedeli uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, goroli za ndani zimekwisha. Tatu, pima mnyororo kwa rula: pingili 24 za mnyororo mpya ni inchi 12 kamili, na zikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, umevutika na utakula meno ya gurudumu. Nne, tazama fremu chini ya usukani, kwani rangi mpya mahali hapo huweza kuficha ufa. "Na mwisho," akasema, "ipindue. Chini ya pedeli pamegongwa namba. Isome kabla hujatoa hata senti."

Jumamosi baada ya Alasiri tukaenda Ngamiani. Baiskeli za mtumba, nyingi zikiwa za kutoka Japani, zilisimama zimeegemeana ukutani. Tulikuwa bado tunatazama pale kijana mmoja alipotuita pembeni. Alikuwa na baiskeli nyeusi, nzuri kuliko zote tulizoziona. Gurudumu lilizunguka bila ya kuyumba, mnyororo ulikuwa mpya, breki zilishika. Akataka shilingi 60,000 tu, akisema ana shida ya haraka.

Hatuoni haya kukiri kwamba fedha tulikwisha kuzihesabu mkononi. Ndipo tulipokumbuka neno la mwisho la mzee, tukaipindua. Mahali pa namba palikuwa pamekwanguliwa kwa tupa, chuma kinang'aa. Tukamwuliza risiti. Akasema imepotea.

Msikitini kwetu, mwaka uliopita, fundi mwashi mmoja aliibiwa baiskeli akiwa katika sala ya Isha. Ni sisi, kwa nafasi yetu ya ukatibu, tulioandika malalamiko yake kitabuni. Baada ya hapo akawa anakwenda kazini kwa miguu, akachelewa mara kwa mara, hatimaye kibarua kikapewa mtu mwingine. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi.

Tukarudisha fedha mfukoni, tukaondoka mbio kwenda kumtafuta. Tuliporudi naye, jua lilikuwa limezama na kijana hakuwapo. Mwashi akatuuliza kama keria ilikuwa imefungwa waya upande wa kushoto. Hatukuweza kumjibu, kwa sababu tulitazama bei kuliko tulivyoitazama baiskeli. Jambo hilo linatuuma mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata tulinunua kwa mtu mzima mmoja katika safu ileile. Kabla hatujauliza, alitangulia kutaja aibu za mali yake: goroli za nyuma zimechoka, na tairi la mbele limeanza kupasuka. Namba ilisomeka na hati ya mauzo akatuandikia. Tulikumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono katika lundo la nafaka akakuta chini yake unyevu uliofichwa, akamkemea mwuzaji. Huyu wetu alikuwa ameuweka unyevu juu, kila mtu auone. Alitaka 120,000, tukapatana 110,000. Mzee fundi akatengeneza kwa 18,000, pamoja na tairi. Kwa hesabu ya mama watoto, fedha yote itakuwa imerudi baada ya miezi minne na siku chache.

Sasa tunaivuka reli asubuhi pamoja na wenzetu, na upepo wa bahari hutupokea kabla ya kuliona geti la bandari. Kamati nayo imeanza daftari jipya. Kila muumini mwenye baiskeli huandikiwa namba ya fremu yake, ili ikiibiwa kuwe na cha kupeleka polisi. Jina la kwanza katika daftari hilo ni la mwashi. Kwa baiskeli ya kuazima aliyopewa na jirani, amepata kibarua kingine Pongwe.

Ndugu msomaji, ukienda sokoni, nenda na rula, na uipindue baiskeli kabla ya kuuliza bei. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, japokuwa ni ya goroli zilizochoka. Amin.