Miguu ni Amana



Wapenzi wasomaji, kina mama na kina baba, nanyi vijana mnaosomewa waraka huu baada ya chakula cha Ijumaa: wiki hii twawaandikia habari ya mbio. Msishangae. Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya ndoa, malezi, jirani na deni, na mtaona kwamba habari hii nayo imo humo humo.

Kila mwaka shule zinapofungwa mwezi wa Disemba, sisi huondoka pwani tukaenda Migwani, katika Kaunti ya Kitui, kuwasomesha watoto wa Kiislamu wa huko kwa muda wa wiki mbili. Waislamu wa hapo si wengi, na maalim wa kudumu hawana. Basi huiacha barabara kuu ya Nairobi pale Kibwezi, likapita Mutomo na Kitui mjini, likashika njia ya Kabati hadi Migwani. Nchi hiyo si ngeni kwa watu wa pwani. Wazee wetu walifanya biashara na Wakamba tangu zama za misafara, na katika karne ya 19 Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mkubwa wa pembe, alijulikana hadi Mombasa. Ni nchi kavu, ya mbaazi, kunde na mtama, na wakati wa kiangazi maji ya mtoni huchimbuliwa mchangani. Mtoto wa huko hutembea sana, tena hutembea upesi.

Safari iliyopita, baada ya sala ya alasiri, mama mmoja mjane alitujia chini ya mwembe tunaposomeshea. Alifuatana na mwanawe wa miaka 16, mwanafunzi wetu, aliyekuwa kidato cha pili. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Wanawake wazima wa huko sisi huwaita mwaitu, yaani mama kwa lugha yao. Yeye hutuita maalim.

"Maalim," alisema, "nisomee hii. Mimi nimeambiwa nitie kidole tu."

Tuliisoma. Bwana mmoja alikuwa amemwona kijana akikimbia katika mashindano ya shule, akapendezwa naye. Alitaka kumchukua hadi kambi ya wakimbiaji upande wa Bonde la Ufa, amlishe, amfunze, kisha akiiva ampeleke Ulaya. Shule aiache. Naye bwana, kwa muda wa miaka 10, achukue nusu ya kila atakachoshinda kijana. Mama angepewa fedha kidogo papo hapo, nazo zilitosha kubadilisha mabati ya nyumba yake yaliyooza na kulipa deni la duka.

Kijana alikuwa kimya, macho yake chini, lakini unyayo wake haukutulia.

Mama akatuuliza, "Maalim, miguu hii ni ya nani? Ni yake, ni yangu, au ni ya huyu bwana?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe siku tatu, na sababu yake twaona haya kuieleza, lakini tutaieleza. Zaidi ya miaka 20 iliyopita, katika madrasa yetu huku pwani, tulikuwa na mwanafunzi hodari wa kusoma, na hodari zaidi wa mpira. Tulimwambia mbele ya wenzake kwamba mpira ni upuuzi, na achague moja. Alibusu msahafu wake, akaurudisha rafuni kwa adabu, akatoka. Hakurudi tena. Hatukwenda kwao, wala hatukukaa na mama yake kumuuliza mtoto ana nini na anataka nini. Mpaka leo tukikutana naye njiani hutuamkia, "Shikamoo, maalim," nasi huitikia kisha tukakosa la kuongeza. Tangu hapo tumejua kwamba kukataza ni kazi nyepesi. Kulea ndiyo kazi.

Usiku ule, baada ya kula muthokoi kwa mwenyeji wetu, tuliwauliza vijana waliokuwapo: ni nani miongoni mwenu amjuaye Benson Masya? Walitaja wachezaji wa mpira wa Uingereza mmoja mmoja, na klabu zao, na mishahara yao. Masya hakuna aliyemjua, naye ni mtoto wa Kitui hiyo hiyo.

Basi tuliwasimulia. Benson Masya alizaliwa Kitui mwaka 1970. Alianza kwa ndondi, kisha akaziacha akashika mbio ndefu. Mwaka 1991 alishinda mbio kubwa za kaskazini ya Uingereza zinazoitwa Great North Run, za kilomita 21, zianziazo mjini Newcastle na kuishia South Shields kando ya bahari. Mwaka huo huo alishinda marathoni ya Honolulu, katika visiwa vya Hawaii nchini Marekani. Mwaka uliofuata, mashindano ya dunia ya nusu marathoni yalifanyika kwa mara ya kwanza kabisa, tena katika njia ile ile ya Newcastle. Masya aliwashinda wote kwa muda wa saa 1 na sekunde 24, na Boay Akonay wa Tanzania alikuwa wa tatu. Bingwa wa kwanza wa dunia wa mbio hizo, basi, alikuwa kijana wa Kitui mwenye miaka 22. Honolulu alishinda mara tatu, mwaka 1991, 1992 na 1994. Newcastle alishinda mara nne: 1991, 1992, 1994 na 1996.

Vijana walifurahi, wakapiga makofi kana kwamba mbio zilikuwa jana. Tukawaambia wahesabu. Tangu ushindi wake wa kwanza pale Newcastle hadi ule wa mwisho ni miaka 5. Alipoupata wa mwisho alikuwa na miaka 26, umri ambao mwalimu wa shule au fundi seremala ndiyo kwanza aanza kujulikana. Mwezi wa Septemba 2003 alifariki dunia, akiwa na miaka 33. Ya ndani ya nyumba yake si yetu kuyachimba. Maiti hutajwa kwa wema, na wema wake ni mwingi. Twataja umri tu, kwa kuwa umri wenyewe ni mawaidha. Wazee walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hawakukataza mtu kukimbia, ila walitaka ajue kwamba sakafu ina ukingo.

Kijana mmoja akauliza, "Maalim, basi kila mkimbiaji huishia hivyo?" La. Tulimtajia Mo Farah, Mwislamu mzaliwa wa upande wa Wasomali aliyepelekwa Uingereza akiwa mtoto mdogo, kwa jina lisilo lake, akafanyishwa kazi katika nyumba ya watu. Mwalimu wake wa michezo ndiye aliyemsikiliza na kumsaidia akatoka humo. Farah alishinda mbio zile zile za Newcastle mara sita mfululizo, kuanzia 2014 hadi 2019, akaipita hesabu ya Masya. Na mwaka 2023 alizichagua ziwe mbio zake za mwisho, akaaga akiwa na miaka 40. Alipokuwa hana kitu, kilichomwokoa ni mtu mzima mmoja aliyeuliza habari zake, akamwona mtoto kabla ya kuona mbio.

Tulimtajia pia Rafael Nadal wa Hispania, mcheza tenisi aliyestaafu Novemba 2024 akiwa na miaka 38. Mashindano makubwa ya Ufaransa aliyashinda mara 14, na yote makubwa ya dunia mara 22. Tangu utotoni alikuwa na maradhi ya kushindwa? La, maradhi ya mguu yalimpata akiwa angali kijana wa miaka 19, mwaka ule ule alioshinda Ufaransa kwa mara ya kwanza, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya akiwa na maradhi hayo. Aliyemfunza tangu utotoni ni ami yake, Toni, nduguye baba. Ami huyo alimtaka abebe mizigo yake mwenyewe, na alimwonya kwamba siku atakayoivunja raketi kwa hasira, mafunzo yamekwisha. Hakuivunja hata moja. Na alipokuwa angali akicheza, mwaka 2016, alifungua chuo cha tenisi kwao Manacor, ambako vijana hucheza na husoma masomo ya shule pia. Alijenga nyumba ya pili kabla ya ile ya kwanza kubomoka.

Wasomaji wetu wanawake huenda mkasema, sheikh, haya ni ya watoto wa kiume. Kumbukeni kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha walipokuwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Zikapita siku, mwili wake ukaongezeka, wakashindana tena, Mtume akashinda, akamwambia kwa utani kwamba sasa wamelipana. Wengi huisimulia hadithi hiyo kwa ajili ya mapenzi ya ndoa, na ni kweli imo. Lakini imo pia hesabu ya miili yetu: mwenye mbio leo, kesho hupitwa. Bibi Aisha alipoishiwa na mbio alikuwa na elimu, na elimu ile umma waila mpaka leo.

Siku ya tatu mama alirudi, na mwanawe, na mjomba wa kijana tuliyemwita makusudi. Tulimwambia hivi: "Mwaitu, miguu ni ya Mwenyezi Mungu. Mwanao amekopeshwa, nawe umewekwa mlinzi. Huyu bwana hana lake humo ila ujira wa kazi atakayoifanya, na nusu kwa miaka 10 si ujira."

Kisha tuliwapa rai yetu. Kijana akimbie, tena akimbie kwa bidii, maana kipawa kikifichwa ni neema iliyokanwa. Lakini akimbie akiwa shuleni mpaka amalize kidato cha nne. Karatasi yoyote isitiwe kidole kabla haijasomwa na mtu asiyekuwa na faida ndani yake, mbele ya mjomba na shahidi mwingine. Na siku Mungu atakapomfungulia, kila fedha igawanywe mafungu matatu: la mama na ndugu, la matumizi yake, na la tatu lisiguswe hata kwa arusi, liwe shamba, mifugo au kazi ya mikono, likimngojea siku miguu itakapokataa. Tena sala isikatike, na Ramadhani mazoezi yawe baada ya kufuturu.

Mjomba alikwenda kumwambia bwana yule kwamba karatasi itasomwa na wakili kwanza. Bwana aliichukua karatasi yake, akaondoka, hakuonekana tena.

Laiti tungeishia hapo mkatusifu kwa hekima. Kijana alitukasirikia. "Maalim," alisema, machozi yakimlengalenga, "mlango ulikuwa mmoja, nawe umeufunga." Siku mbili hakuja darasani. Usiku wa pili mvua ilinyesha, nasi tulilala tukiyafikiria yale mabati, na mama aliyekuwa akihamisha ndoo kutoka pembe hii ya chumba hadi ile kwa sababu ya neno letu. Hatukuweza kuapa kwamba tulipatia. Tulichoweza ni kumwahidi mjomba kwamba deni la duka tutashirikiana naye kulilipa, kwa kuwa anayetoa rai katika nyumba ya maskini naye hubeba sehemu ya gharama yake. Mwaka huu, inshallah, twatafuta mabati. Mwenye uwezo miongoni mwenu atupe mkono.

Asubuhi ya kuondoka, baada ya alfajiri, basi lilikuwa likienda polepole kutoka Migwani. Tukamwona kando ya barabara, peke yake, viatu vya shule vikiwa mkononi, akikimbia sambamba na dirisha letu. Hakutupungia mkono wala hakututazama. Alikwenda nasi mpaka kwenye mteremko, basi likashika kasi, naye hakupunguza. Tulimgeukia mpaka shingo ikatuuma.

Basi nanyi wenye watoto wenye vipawa, awe wa mpira, wa mbio au wa sauti nzuri ya kusoma, wiki hii kaeni naye muulizane jambo moja: siku kipawa hiki kitakapochukuliwa na Mwenye nacho, nyumbani kutabaki nini? Msimuulize kwa kumtisha. Muulizeni mkiwa mmemshika mkono.

Twamwomba Mola awarehemu waliotangulia, awahifadhi watoto wetu katika nguvu zao na katika udhaifu wao, na atusamehe sisi walimu milango tuliyoifunga kwa haraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.