Kumbukumbu ya Sauti ya Simu Habaswein

Sauti ya HD ni mazungumzo ya simu yanayobeba mitetemo ya sauti kuanzia hezi 50 hadi 7000 hivi. Simu ya kawaida hubeba kuanzia 300 hadi 3400 tu, na kilicho nje ya mipaka hiyo hakimfikii msikilizaji. Katika mji kama Habaswein, makao makuu ya Wajir Kusini, kaskazini mashariki mwa Kenya, tofauti hiyo si anasa. Hapa, kwenye barabara ya Garissa kwenda Wajir, karibu na kinamasi cha Lorian ambako maji ya Mto Ewaso Nyiro huishia, mambo mazito huamuliwa kwa mdomo: bei ya ngamia, mahari, dia, zamu za kunywesha mifugo kisimani, na swali la kila msimu, mvua imenyesha wapi. Anayesema hutambuliwa kwa sauti yake, na sauti hiyo ndiyo dhamana ya neno lake. Kwa hiyo historia ya simu katika eneo hili ni historia ya kiasi gani cha sauti ya mtu kiliweza kuvuka nyika.

Kwa muda mrefu kilichovuka kilikuwa kidogo mno. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, na Nairobi ikaweza kuzungumza na Ulaya kupitia angani. Wakati huo Kaskazini Mashariki ilikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari, ambazo hazikuondolewa hadi 1991, na huduma ya simu iliyofika huko ilikuwa haba, zaidi ikiwa ya afisi za serikali. Mwananchi alituma habari kwa dereva wa lori la mifugo au kwa msafiri, na jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo, kama lilirudi. Polisi na watawala walikuwa na redio za mawimbi mafupi. AMREF, iliyoanza mwaka 1957 kama huduma ya madaktari wa ndege, nayo iliendesha mtandao wake wa redio uliotumiwa na vituo vya afya vya mbali kuomba ushauri au kuita ndege ya wagonjwa. Mchungaji hakuwa na sehemu yake katika mawasiliano hayo.

Mambo yalibadilika baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991 na wakimbizi kujaa katika kambi za Dadaab. Wafanyabiashara wa Kisomali wakaanzisha vituo vya redio vilivyoitwa taar, vikiunganisha kambi, mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, miji ya Kaskazini Mashariki na miji ya Somalia yenyewe. Utaratibu wake unastahili kukumbukwa. Aliyetaka kuzungumza alimpa opereta jina la mtu, ukoo wake na mahali anapokaa. Upande wa pili mjumbe alitumwa kumtafuta, na saa ikapangwa. Saa ilipowadia, mmoja alisema, akamalizia kwa "over", akaachia kitufe, akangoja. Wawili hawakuweza kusema kwa pamoja, wala mmoja hakuweza kumkatiza mwenzake. Waliojazana kibandani walisikia kila kitu, na yeyote mwenye redio kwenye mawimbi hayo alisikia pia, kwa hiyo habari za fedha na za aibu zilisemwa kwa mafumbo. Sauti yenyewe ilikuja imekonda, ikipanda na kushuka kwa kufuata hali ya anga. Mama alimtambua mwanawe kwa majina ya jamaa aliowataja kuliko kwa sauti aliyoisikia. Mara nyingi opereta alilazimika kurudia sentensi kwa niaba ya pande zote mbili. Hata hivyo taar ndiyo iliyobeba maagizo ya hawala na habari za waliopotezana vitani, na hakuna chombo kilichowahi kufanya kazi kubwa kiasi hicho kwa sauti mbovu kiasi hicho.

Sambamba nayo ilikuwepo kaseti. Familia za Kisomali zenye jamaa ng'ambo zilirekodi barua za sauti na kuzituma kwa msafiri. Hata kinasa sauti cha bei nafuu kilibeba sauti pana kuliko simu yoyote ya wakati huo. Kikohozi cha mzee, mbuzi waliolia nje, pumzi iliyovutwa kabla ya neno gumu, vyote vilifika. Kilichokosekana ni jibu, ambalo lilichukua wiki au miezi. Kwa miaka mingi, basi, watu wa eneo hili walikuwa wakichagua kati ya mawili: sauti kamili isiyo na jibu la papo hapo, au jibu la papo hapo lisilo na sauti kamili. Simu za setilaiti za Thuraya, zilizoanza kutumika mwaka 2001, ziliongeza njia nyingine kwa wenye uwezo, lakini hazikumaliza tatizo. Sauti ilibanwa sana, na kwa kuwa ilipanda hadi setilaiti iliyo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta na kushuka tena, kila jibu lilichelewa, na wazungumzaji wakawa wanagongana maneno.

Safaricom na KenCell zilianza biashara ya simu za mkononi mwaka 2000. Minara ilikwenda kwanza kwenye miji mikubwa, kisha polepole ikafuata barabara za kaskazini. Ilipofika, taar ilikufa bila matanga. M-Pesa ilipokuja mwaka 2007, simu ikawa pia mkoba, na dalali wa mifugo aliweza kuulizia bei ya soko la Garissa kabla ya kupakia lori. Nje ya mji mtu alipanda kichuguu ili apate mtandao, au aliitundika simu kwenye tawi la mgunga na kuiacha hapo, kwa kuwa hatua mbili pembeni ya mti huo hapakuwa na kitu. Kila mazungumzo yalifunguliwa kwa swali moja: "Unanisikia?"

Swali hilo lilikuwa na sababu za kiufundi. Mipaka ya hezi 300 na 3400 ni urithi wa simu za waya, ambako wahandisi walitafuta kiasi kidogo kabisa cha sauti kinachotosha kueleweka, ili mazungumzo mengi yapitishwe kwenye waya mmoja. Mwaka 1972 simu za kidijitali zilipowekewa kiwango cha kimataifa, mipaka hiyo iliendelezwa: sauti hupimwa mara 8000 kwa sekunde, na haiwezi kubeba mtetemo wowote unaozidi hezi 4000. Sasa, kinachotofautisha s na f kiko kwa sehemu kubwa juu ya mpaka huo. Ndiyo maana jina la Farah husikika kama Sara simuni, na anayetaja jina la mtu wa kupokea fedha hulazimika kulirudia mara mbili na kuongeza jina la baba. Chini nako kuna hasara. Sauti ya mwanamume mzima hutetemeka kwa msingi wa hezi 85 hadi 180 hivi, yaani nje kabisa ya mlango wa simu ya kawaida, na ubongo wa msikilizaji huujaza msingi huo kwa kukisia. Uzito wa kifua, ambao kwa wazee wa baraza ni nusu ya hoja, hupotea njiani.

Simu ya mkononi iliongeza ubanaji wake. Kwenye mtandao wa 2G sauti husimbwa kwa programu iitwayo kodeki, inayotumia biti 12,200 kwa sekunde pakiwa na mawimbi mazuri, na kushuka hadi 4,750 mawimbi yakififia, ili nafasi inayobaki itumike kulinda ujumbe usiharibike. Mfumo huo una busara, maana maneno huendelea kueleweka pale ambapo simu ingekatika. Lakini mchungaji aliye ukingoni mwa mnara ndiye anayepewa sauti ya kiwango cha chini kabisa, ile inayosikika kama imetoka ndani ya debe.

Dawa ilijulikana mapema. Kiwango cha kwanza cha kimataifa cha sauti pana, G.722, kilitoka mwaka 1988, kikatumika zaidi kwenye mikutano ya simu na utangazaji. Mwaka 2001 kodeki ya AMR-WB iliingizwa katika viwango vya simu za mkononi. Hii hupima sauti mara 16,000 kwa sekunde, na kwa matumizi ya kawaida huhitaji biti 12,650 kwa sekunde. Nambari hiyo ni ya kuangaliwa vizuri: inakaribia kulingana na ile ya kodeki ya zamani. Sauti iliyo bora kwa mbali haikuhitaji njia pana zaidi hewani. Ilihitaji mitambo na simu zinazoielewa, na uamuzi wa kuitumia. Orange ya Moldova ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuiuza kwa wateja, Septemba 2009. Mwaka 2014 ikafuata kodeki ya EVS, inayoweza kufika hezi 20,000, takriban kikomo cha sikio la binadamu.

Nchini Kenya mlango mkubwa wa sauti ya HD umekuwa 4G. Safaricom iliizindua Desemba 2014 Nairobi na Mombasa, lakini 4G ya mwanzo ilikuwa ya data pekee. Simu ilipopigwa, kifaa kilishuka hadi 3G au 2G, kikatumia sekunde kadhaa kujiunga, na mazungumzo yakaendelea humo. Kupiga simu juu ya 4G yenyewe, yaani VoLTE, kuliletwa Desemba 2017 na Faiba 4G ya Jamii Telecommunications, mtandao usiokuwa na 2G wala 3G ya kurudia. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Safaricom na Airtel nazo ziliwafungulia wateja wao huduma hiyo. Kwa nyika ya kaskazini, hatua nyingine ilikuwa na uzito uleule: mwaka 2016 Safaricom ilipata masafa ya megahezi 800 kwa ajili ya 4G. Masafa ya chini husafiri mbali zaidi kutoka mnara mmoja, jambo lisilo na thamani kubwa Nairobi lakini lenye thamani kubwa mahali ambapo mnara unaofuata uko mwendo wa saa nzima kwa gari.

Lakini kwa watu wengi sauti pana ilifika kwa mlango wa pembeni kabla kampuni za simu hazijaileta. WhatsApp iliongeza ujumbe wa sauti mwaka 2013 na simu mwaka 2015, na programu ya imo nayo ilipendwa sana na Wasomali wenye jamaa Uarabuni, Ulaya na Minneapolis. Programu hizi hutumia kodeki zake zenyewe juu ya intaneti, kwa hiyo kijana wa Habaswein aliweza kumsikia dada yake wa Marekani vizuri kuliko alivyomsikia shangazi aliye Modogashe, mji wa jirani, kwa simu ya kawaida. Ujumbe wa sauti ulikuwa kaseti ileile iliyorudi, safari hii ikifika kwa sekunde. Wazee wasiosoma waliupokea upesi, kwani haukuwadai lolote ila kusema. Udhaifu wake ni bando: data ikiisha, sauti nzuri huisha nayo.

Sauti ya HD ya mtandao wenyewe haidai bando, ila ina masharti yake. Simu zote mbili ziwe na VoLTE. Zote ziwe chini ya mnara wa 4G. Mitandao ikiwa miwili, njia inayoiunganisha ipitishe sauti pana, jambo ambalo mara nyingi halifanyiki, na mazungumzo hurudishwa kwenye kiwango cha 1972. Sharti moja likikosekana, yote huanguka. Na malishoni simu iliyozoeleka ni kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, kwa sababu nzuri: chaji yake hukaa siku nyingi, nayo huhimili vumbi na kuanguka. Nyingi ya hizo haziijui 4G. Kiwanda cha kuunganisha simu kilichofunguliwa Athi River Oktoba 2023 kilitoa simu za 4G za chini kidogo ya shilingi 7,500, bei ambayo wakati huo bado ilikuwa ya mbuzi mzima au zaidi.

Minara nayo ina shida zake. Penye jenereta, dizeli husafirishwa kwa barabara ambayo mvua huikata. Katika Garissa, Wajir na Mandera, minara mingi imelipuliwa na Al-Shabaab, na kila mmoja ulioanguka umeacha vijiji kimya kwa wiki au miezi. Nafuu kubwa inayotarajiwa ni ya ardhini: mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera kupitia Modogashe, Habaswein na Wajir, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020, unajumuisha faiba inayolazwa kando ya lami.

Pale mnyororo unapokamilika, mabadiliko husikika mara moja. Simu huita ndani ya sekunde moja au mbili. Upepo, ng'ombe na jenereta ya jirani husikika pia, maana kipaza sauti kilichofunguka hakichagui. Muhimu zaidi, mtu hutambulika. Tapeli anayejifanya mjomba aliyekwama Garissa na kuomba atumiwe fedha alisaidiwa sana na simu iliyowafanya wajomba wote wafanane. Sauti yenye kifua na pumzi zake humpa anayepokea simu nafasi ya kushuku mapema.

Mteja mwenye simu ya 4G anaweza kuingia kwenye mipangilio ya laini na kuwasha VoLTE, kwani kwenye baadhi ya simu huwa imezimwa. Kazi iliyobaki ni ya wenye mamlaka. Kampuni hujisifu kwa asilimia ya watu waliofikiwa na 4G, na hesabu hiyo hujazwa na miji. Mifugo haichungwi mjini. Mamlaka ya Mawasiliano, inayosimamia mfuko wa kupeleka huduma maeneo yaliyosahauliwa, ipime ubora wa sauti kwenye njia za malisho, kutoka Lorian hadi Dif, na ichapishe matokeo hayo yakiwa peke yake, bila kuchanganywa na ya mjini.