Runinga Isiyochelewa Kuitika

Mwezi uliopita niliingia dukani hapa Bariadi pamoja na mjukuu wangu, kutafuta runinga bapa badala ya ile ya chogo iliyozimika. Akiba yangu ya pensheni ilitosha inchi 32 tu. Rafu nilikuwa nimeipima: sentimita 75. Nikasita, kwa kuwa inchi 32 ni sentimita 81. Muuzaji akatabasamu: “Mwalimu, inchi hizo hupimwa mshazari, kona hadi kona.” Upana ulikuwa sentimita 71 hivi.

Zilikuwapo mbili za bei moja. Mimi nilivutiwa na iliyong’aa zaidi. Mjukuu, mpenzi wa gemu za kandanda, akaiunganisha na mashine yake, akabonyeza, kisha akasema: “Babu, hii inachelewa kuitika.” Muuzaji akakiri: “Huipamba picha kwanza, ndipo iioneshe.”

Washairi wenzangu, nilinyamaza. Ni beti zangu ngapi zimechelewa kwa mapambo?

Kwa miaka mingi niliwakemea wanafunzi waliosema “TV ya chogo”, nikidhani wanaiharibu lugha. Kumbe chogo ni kisogo kilichotokeza. Jina lile lilisadifu umbo. Sasa mtoto amenipa na kuitika. Twawafunza watoto waitike upesi waitwapo. Yeye alikidai kioo adabu ileile.

Tukanunua ile nyingine. Jioni mimi hutazama taarifa ya habari, kisha humwachia uwanja. Neno lake nimeliandika katika daftari langu la istilahi, bila kulisahihisha.