Njia ya Likasi, na nyumba tatu nilizozitembelea kwa ajili ya Baba

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa 120. Njia hiyo naijua tangu utoto: makamyoni ya shaba yanayoelekea Kasumbalesa, magunia ya makala kando ya barabara, wamama wanaouza uyoga wakati wa mvua, na karibu na Kapolowe, samaki wa ziwa Tshangalele wamepangwa juu ya meza za mbao. Zamani nilipita huku nikihesabu feza ya samaki. Mwaka huu nimepita mara kumi na moja na sikununua hata samaki mmoja. Kichwani nilikuwa na ulizo moja tu: tutamweka wapi Baba?

Baba yangu ana miaka 78. Alifanya kazi Gécamines, kwenye kiwanda cha Shituru, miaka 33, mpaka ule mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003 na 2004, ambao watu zaidi ya 10,000 walitoka nao. Sasa anaamka kabla jogoo hajawika. Anavaa viatu, anaomba chakula chake cha kazini, anasema sireni imelia na atachelewa. Mara mbili majirani walimkuta kwenye barabara ya Shituru na kofia yake ngumu kichwani. Mara ya pili hakuwa na suruali. Wamama, naandika jambo hili kwa haya, lakini nisipoliandika hamtaelewa kwa nini mdogo wangu alilia kwenye simu.

Yeye ndiye anayeishi naye. Alikuwa na meza yake ya kuuza unga sokoni, ameifunga. Aliniambia: «Yaya, nimechoka. Ao umukamate Baba kwako, ao unitafutie mimi nyumba ya wazimu.» Na kulikuwa na jambo lingine ambalo hakulisema kwenye simu. Muzee anayetembea usiku bila nguo, ninyi mnajua jina ambalo watu wanampa kwenye avenii. Mtoto wa jirani alikuwa amepata homa, na watu walikuwa wameanza kuhesabu siku.

Nyumba ya kwanza tulionyeshwa na shangazi. Ni chumba cha maombi pembeni ya Lubumbashi, paa la mabati juu ya nguzo, mikeka chini. Nilikwenda peke yangu siku ya Alhamisi baada ya masomo. Walinipokea vizuri, wakanipa kiti. Nyuma, chini ya mwembe, nkambo mmoja alikuwa ameketi, na mguu wake ulikuwa umefungwa kamba kwenye mti. Niliuliza sababu. Wakajibu: «Tukimufungua, anaenda.» Nikawaza, hata Baba tukimfungua anakwenda. Ndipo nikaelewa kwamba kamba niliyokuwa naitazama ilikuwa ya Baba. Nilisema asante, nikarudi nyumbani kwa miguu kipande kirefu, sikutaka kukaa karibu na mtu ndani ya taksi.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyesema kwamba tulianza kutafuta nyumba kabla ya kujua ugonjwa. Tukampeleka Baba kwenye kituo cha magonjwa ya akili Dr Joseph Guislain, hapa Lubumbashi, kinachoongozwa na Mabruda wa Upendo. Guislain alikuwa daktari wa Gent, Ubelgiji, katika karne ya 19, na alipigania wagonjwa wa akili wasifungwe minyororo. Nilisoma hayo baadaye tu, nikakumbuka mwembe ule.

Daktari hakuwa na haraka. Alimwuliza Baba siku gani, mwaka gani, akamwomba achore saa. Baba, aliyekuwa anasoma saa za mashine maisha yake yote, aliandika namba zote upande mmoja. Mimi nilitazama dirishani. Kisha wakapima presha, sukari, damu kwa ajili ya kaswende, Ukimwi na tezi ya shingo, kwa sababu kuna magonjwa yanayofanana na usahaulifu huu ambayo yanatibika, na mzee anaweza kuchanganyikiwa kwa sababu ya homa ao dawa tu. Presha ya Baba ilikuwa juu, labda tangu zamani, na hiyo pekee inaharibu ubongo. Lakini yaliyobaki, daktari alisema, yanafanana na ugonjwa unaobeba jina la Alzheimer, Mjerumani aliyeueleza mara ya kwanza 1906. Dawa ya kuuponya haipo. Hauambukizi. «Na si uchawi», akaongeza, bila mimi kuuliza. Nafikiri anaulizwa kila siku. Nilimwomba aandike hayo kwenye karatasi yenye muhuri, na mdogo wangu alizunguka nayo avenii nzima huko Likasi, mlango kwa mlango. Wengine walisoma. Wengine walitazama muhuri tu, na ulitosha.

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 55 wenye magonjwa ya namna hii, na wengi wao wako katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Binamu yangu wa Ubelgiji alinitumia picha za kijiji cha Uholanzi, Hogeweyk, ambapo tangu 2009 wanaishi watu waliopoteza kumbukumbu: kuna duka, vijia, bustani, wanatembea wanavyotaka, mlango mmoja tu unalindwa. Nilicheka. Ukiondoa ule mlango, hicho ni kijiji cha nkambo wangu kule Bukama.

Nyumba ya tatu ni ya masista, hapa mjini. Wazee ishirini na kidogo, ua uliofagiwa, harufu ya sabuni na makala. Sista mkubwa aliniuliza: «Hana watoto?» Nikajibu: «Tuko sita.» Akanyamaza. Nyumba hiyo ilijengwa kwa wazee walioachwa, na nilijisikia kama mtu aliyekuja kuiba kitanda cha maskini.

Sikumpenda kwa kunyamaza kwake, lakini nilimpenda kwa kusema kweli. Nilipouliza nani yuko macho usiku, alisema mlinzi wa geti tu. Nilipouliza wanafanya nini na mzee anayetaka kutoka jioni, maana wagonjwa hawa wanachanganyikiwa zaidi giza likiingia, alisema wanafunga chumba kwa nje. Wamama wanaotafuta, ulizeni hayo mawili kabla ya bei. Na mrudi siku nyingine bila kusema mnakuja, saa ya chakula. Mimi nilirudi. Nilitazama viwiko na vifundo vya miguu, kama kuna alama za kamba, sikuona. Nilimwona binti wa jikoni akimlisha bukari muzee kipofu, kidogo kidogo, akimwita Papa kila tonge. Binti huyo anasema Kiluba. Baba amekwisha kupoteza Kifaransa, Kiswahili kinaanza kumtoka, Kiluba kimebaki.

Tuliketi Likasi, watoto wote sita, siku ya Jumapili. Kaka mkubwa alisema kumweka Baba kwa masista ni kututia haya. Mdogo wangu akamuuliza: «Yaya, umeisha kumuosha mara ngapi?» Hakuna aliyejibu. Tukapatana hivi: Baba anakaa kwangu Lubumbashi. Mchana yuko kwa masista, kama mtoto wa shule, na jioni ninamchukua. Kila mwezi tunawapelekea mfuko wa unga, makala na feza tuliyopatana. Mtoto wa kaka anaishi kwangu na analala karibu na mlango, wenye kengele ndogo ya mbuzi. Kaka mkubwa hajatoa sehemu yake ya mwezi wa pili. Najua anasoma gazeti hili, mke wake analeta nyumbani.

Mdogo wangu amefungua tena meza yake. Alilala siku mbili kwanza, mpaka majirani wakaja kugonga.

Lililobaki gumu ni asubuhi. Mimi ni mwalimu, ninaadhibu watoto kwa uongo. Mwanzoni nilimwambia Baba kwamba tunakwenda kwa masista, akakataa kuvaa viatu, akalia, akaniita jina la mama yangu. Siku ya nne nilimpa chakula chake kwenye kopo, nikamwambia sireni imelia. Akasimama. Tunatembea pamoja, dakika ishirini, yeye mbele. Getini sista anamwambia: «Karibu kazini, Papa.»

Jumatatu iliyopita alimwuliza sista mshahara unatoka siku gani. Sista akanitazama mimi.