Watoto 701 wa Ifakara

Muuguzi mwenye stashahada akisema anakwenda kujiendeleza, swali la kwanza analoulizwa ni mshahara. Ni swali la haki. Katika utumishi wetu mwenye cheti ni muuguzi, mwenye stashahada ni afisa muuguzi msaidizi, mwenye shahada ni afisa muuguzi, na kila ngazi ina mshahara wake. Nilikuwa na watoto wa kusomesha na mama mzee upande wa Lupiro. Fedha nilizihitaji, wala sioni haya kulisema hilo. Lakini kwa fedha tu nisingeiacha familia miaka minne nikaenda kusoma Muhimbili, Dar es Salaam. Sababu nyingine ilianzia kazini.

Mtu anayefanya kazi ya afya Ifakara anaishi jirani na watafiti. Maabara ya Waswisi iliyoanzishwa na Profesa Rudolf Geigy mwaka 1957 ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na bonde letu lenye mito, mafuriko na mashamba ya mpunga halijawahi kupungukiwa mbu. Kazi nyingi za utafiti hupita mikononi mwa wauguzi: ndio wanaomtoboa mtoto kidole na kumweleza mama fomu ya ridhaa. Majibu yakitoka, huchapishwa Ulaya, kwa Kiingereza.

Nilipopangiwa kliniki ya watoto nilikuta kwenye droo nakala ya makala moja ya mwaka 2001, kutoka jarida la Lancet. Ilihusu watoto 701 wa hapa hapa Ifakara. Walipokuja chanjo wakiwa na umri wa miezi miwili, mitatu na tisa, baadhi walipewa SP, dawa ya malaria, na wengine dawa bandia. Waliopata SP waliugua malaria kwa asilimia 59 pungufu, na upungufu mkubwa wa damu ulishuka kwa nusu. Hadi hapo nilielewa. Kisha nikafika kwenye mabano: 41 hadi 72. Kama jibu ni 59, hizo mbili za nini? Niliuliza wenzangu, hakuna aliyejua. Daktari mmoja akaniambia hayo si ya manesi.

Neno lile lilinikaa. Watoto walikuwa wetu, sindano za chanjo tulichoma sisi, na mama mmoja muuza samaki aliyekuwa na mtoto katika utafiti ule alikuwa akiniuliza kila tukionana sokoni: "Sista, wangu alipewa dawa ya kweli au ile bandia?" Nilitaka niweze kukaa naye nimweleze kwa nini ilibidi asijue, na kwa nini hata aliyempa dawa hakujua. Anayemjibu mama kama yule ni muuguzi, kwa sababu ndiye anayekutana naye sokoni.

Wenzangu walikuwa na sababu zao. Mmoja alichoshwa na zamu za usiku, akataka kufundisha chuoni. Mwingine alilenga Uingereza. Wa tatu aliona wadogo zake kazini wakipewa uongozi wa wodi kwa sababu ya karatasi, na uchungu ule ukamfanya ajaze fomu. Sidharau hata moja kati ya hizo. Asiyewahi kusukumwa nyuma kazini hajui jinsi kusukumwa huko kunavyomtoa mtu nyumbani.

Ada ya kuanzia ilitoka shambani. Mume wangu aliuza magunia ya mpunga kabla bei haijapanda, na hasara hiyo tuliijua tangu mwanzo. Dar es Salaam nilikaa darasani na vijana waliotoka kidato cha sita, wepesi wa kemia kuliko mimi, ila hawajawahi kumshika mwanamke mwenye kifafa cha mimba aliyechelewa ng'ambo ya mto kwa sababu kivuko kimesimama. Magnesiamu salfeti nilikuwa nimeichoma miaka mingi: gramu 4 kwenye mshipa, 5 kila tako. Sasa nilisoma utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33; kwa waliopewa dawa hiyo, hatari ya kupata degedege ilipungua kwa zaidi ya nusu. Nililia mle maktabani. Kila sindano niliyowahi kuchoma usiku ilikuwa na wanawake wale nyuma yake.

Somo la takwimu lilinipa pia jibu la mabano: ukweli wenyewe waweza kuwa chini hadi 41 au juu hadi 72, na 59 ndiyo kadirio bora. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza SP kwa watoto wachanga katika sehemu za Afrika zenye malaria nyingi, na majibu ya Ifakara yalikuwa miongoni mwa ushahidi.

Niliporudi, yule mama nilimkuta bado anauza samaki. Tulikaa kwenye benchi lake nikamweleza yote, pamoja na kwamba siwezi kujua mwanawe aliangukia kundi gani. Alisikiliza, akauliza kama mimi ningemtoa wangu aingie kwenye utafiti kama ule. Nikamjibu kuwa ningemtoa, nikamweleza sababu moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikumwambia mtu akamuulize daktari.