Ile Spika ya Wati 1,000 Niliyowauzia

Wasee, kuna video yangu nimeifuta, na wengine wenu mmekuwa mkiuliza imeenda wapi. Ni ile nimesimama kwa duka moja huko tao, nimeinua boksi la spika limeandikwa wati 1,000, nikisema zikiingia kwa gari yako Ngong yote itajua umefika. Mliitazama kuliko kitu chochote nimewahi kuweka hapa. Kile sikuwaambia ni kwamba nililipwa 5,000, na kodi ya nyumba ilikuwa imefika.

Halafu msee wa Kitengela akanitumia ujumbe. Anafanya teksi na Vitz. Alinunua hizo spika 7,500, akampa fundi 1,500 akate ule ubao wa buti ndio zitoshee. Kilichotoka ni sauti nyembamba, kama ya simu ukiiweka ndani ya kikombe, na akipandisha zinakwaruza. Hakunitusi. Aliuliza tu: "Buda, wewe ulizifunga kwa gari gani?"

Hakuna. Sina gari. Nilizishika kama sekunde arobaini, kamera ikizima nikazirudisha kwa rafu.

Hilo swali lilinikalia vibaya, nikaamua nijifunze, na gari pekee ningeweza kugusa ilikuwa Fielder ya mzee. Spika ya mlango wa kushoto ilikuwa imepasuka karatasi, msomaji wa habari akifika kwa herufi "b" inatetemeka yote. Nikamwambia nitambadilishia za mbele. Mnajua mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na mzee hajawahi kulizungumzia vizuri. Akaniangalia, akasema: "Chuo ulianza ukaacha. Na mlango wa gari yangu, huo utaumaliza?"

Sasa, kile nimejifunza. Na inauma kwa sababu nyingi yake si ya chuo hata, ni fizikia ya Form Three.

Wati zilizoandikwa kwa spika si sauti inayotoa. Ni mzigo inaoweza kubeba. Ukiandika tani kumi kwa mkokoteni, punda hajaongezeka. Punda ni redio yako. Gari ikinguruma inatoa volti 14 hivi, na redio ya kawaida bila amplifaya, ikisukuma spika ya omu 4, inapata kama wati 20 safi kwa kila spika, hata kama usoni imeandikwa 50 mara nne. Kwa hivyo yule msee wa Kitengela alikuwa na wati 20 zinajaribu kuamsha kitu kizito. Akiongeza sauti, redio yenyewe inafika mwisho na kuanza kukata mawimbi. Hiyo ndiyo kukwaruza aliyokuwa anasikia.

Namba ya kutafuta ni RMS, yaani mzigo ambao spika inabeba mfululizo bila kuungua. Ile kubwa ya mbele ya boksi ni ya kilele, na mara nyingi ni ya ndoto. Halafu kuna namba ndogo imejificha nyuma: desibeli, ambazo spika inatoa ukiipa wati moja na kuipima mita moja mbali. Hii ndiyo nilikuwa sijawahi kuiangalia maishani. Kila desibeli 3 ukipungukiwa, unahitaji wati mara mbili kufika pale pale. Yaani spika ya desibeli 92 ikipewa wati 20 inasikika sawa na ya 86 iliyopewa wati 80. Na hizo 80 utazitoa wapi kwa Vitz?

Nilirudi tao, safari hii Luthuli, nikaingia duka baada ya duka nikigeuza maboksi. Mengi hayana desibeli, hayana RMS, yana tu moto umechorwa na ile namba. Moja nilimwomba muuzaji atoe kofia ya plastiki nyuma ya sumaku. Chini yake, sumaku ilikuwa ndogo kama kifuniko cha soda ya lita mbili. Tukacheka wote wawili, lakini hakushusha bei.

Nadhani sisi watu wa upande huu tumeharibiwa na nganya. Umelelewa na 111, ukienda Rongai ndio kabisa, besi inakugonga kifua hadi husikii kondakta akidai pesa. Unataka hiyo kwa gari ya nyumbani. Lakini ile mat ina amplifaya, ina sabufa kwa sanduku lake, ina waya nene kutoka kwa betri. Sisi tunaiga mdomo tu, tumbo hatuna.

Na mzee hataki nganya. Anataka habari za saa moja. Nilimchukulia za inchi sita na nusu, zile twita iko katikati, RMS wati 40, desibeli 91, omu 4. Shilingi 4,500. Boksi ni jeupe, boring kabisa, haliwezi kupata hata likes kumi. Kabla ya kununua nilishusha kioo cha mlango chote nikapima nafasi kwa rula, kwa sababu sumaku ikiwa nene sana kioo kinaigonga.

Kazi ilinichukua Jumamosi nzima. Za zamani zilikuwa zimepigiliwa ribiti, nikazitoboa na drili ya kuazima. Ile karatasi ya plastiki ndani ya mlango ilikuwa imeraruka, nikaibandika upya na kuziba matundu, maana sauti ya nyuma ya spika ikikutana na ya mbele, besi zinamezana.

Jioni tukaenda hadi Kiserian, mzee akiendesha. Kimya. Halafu akasema, "Huyu mtu wa redio mbona anaongea kutoka nyuma ya kichwa changu?"

Nilikuwa nimegeuza waya za mlango mmoja, chanya kwa hasi. Spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Jumapili nikafungua tena, nikagusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa kila spika kuona ni ipi inatoka nje na ipi inaingia, nikarekebisha. Mzee alisimama hapo na kikombe cha chai akitazama, hakusema kitu, ila alinishikia tochi.

Msee wa Kitengela nimemrudishia 3,000 kwa M-Pesa. Zimebaki 2,000, na naandika hapa ndio mkiniona kimya mnisumbue. Duka limenipigia kuuliza video iko wapi. Nimewaambia nitaweka nyingine wakiniandikia RMS na desibeli za zile spika. Hawajarudi.

Jana mzee ameniuliza kama za nyuma pia zinaweza kubadilishwa. Nimemwambia angoje, nipime kioo kwanza.