Mmea mmoja, majina matatu: soma orodha ya bustani kabla mtoto hajacheza humo

Wazazi wengi tunapopanga kupendezesha uwanja wa nyumba au wa shule ya watoto, macho yetu huenda kwenye mchoro. Tunatazama kivuli kitaangukia wapi, bembea itakaa wapi, maua ya rangi gani yatapandwa getini. Karatasi ya pili, yenye orodha ya mimea, tunamwachia fundi. Siku hizi mimi naanza na karatasi hiyo ya pili, na sababu yake ni hii.

Dada yangu ana kituo kidogo cha kulelea watoto Sitalike, kijiji kilicho langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mwendo usiozidi saa moja kwa gari kutoka Mpanda mjini. Mwaka jana wazazi walichanga fedha ili uwanja uliokuwa vumbi tupu upandwe miti, maua na uzio wa mimea. Kijana mmoja anayechora bustani kwa kompyuta alileta mchoro uliopendeza: miduara ya kijani, njia za kokoto na orodha ya mimea pembeni.

Kwenye kikao wazazi waliukataa mmea mmoja. Ni ule mti mdogo wenye majani membamba na maua ya njano yenye umbo la kengele, unaopandwa sana majumbani na maofisini. Una sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na mbegu zake ndizo hatari zaidi. Kijana alikubali bila ubishi. Akafuta mstari ulioandikwa Thevetia peruviana, na jioni ile ile akatuma orodha mpya kwa WhatsApp.

Dada alinirushia niipitie, kwa kuwa kazi yangu ni kuandika habari za afya. Ule mstari kweli haukuwepo. Lakini chini kidogo palikuwa na Cascabela thevetia, miche 12, kwa ajili ya uzio wa nyuma ya madarasa. Chini zaidi palikuwa na "oleanda ya njano", miche 4, getini. Majina yote matatu ni ya mmea mmoja. Wataalamu wa mimea waliuhamishia kwenye kundi jingine na kuupa jina jipya, la zamani likabaki vitabuni na kwenye vitalu vya miche, na la mtaani likaendelea kutumika kama kawaida. Kompyuta haina namna ya kujua hayo. Kwake, maneno tofauti ni vitu tofauti.

Sikuona uzembe hapo. Orodha ilikuwa imekusanywa vipande vipande: mingine kutoka kazi za nyuma, mingine kutoka bei za kitalu, mingine kutoka intaneti. Kila kipande kilikuja na majina yake, na wakati wa kuunganisha hakuna aliyeuliza nani ni nani.

Huku kwetu Katavi tatizo ni kubwa zaidi, maana tumechanganyika. Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, Wafipa na Wasukuma wanaishi kijiji kimoja, na kila mmoja ana jina la mti wake. Chukua neno "mbono". Kuna wanaolitumia kwa mnyonyo, ule wa mafuta ya nyonyo, ambao kitaalamu ni Ricinus communis. Wengine wanamaanisha mbono kaburi, yaani Jatropha curcas, ambao miaka ya 2000 wakulima wa Mpanda walihamasishwa kuulima kwa ajili ya mafuta ya mitambo. Hapo jina moja linabeba mimea miwili, na yote miwili ina mbegu zenye sumu. Mbegu za mbono kaburi huwaponza watoto kwa sababu ladha yake si mbaya. Mtoto hula kadhaa, kisha kutapika na kuharisha kunaanza.

Tulikaa na kijana yule mchana mmoja, tukaipanga orodha upya. Tulichofanya kinaweza kufanywa na mzazi yeyote kwa jedwali la bure kwenye simu, hata kama hana programu ya kuchorea.

Kwanza, kila mmea ukapewa mstari mmoja tu na jina moja la kitaalamu. Mtindo huu wa majina mawili ya Kilatini tumeurithi kwa Carl Linnaeus, Msweden, aliyeuweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1753. Mimi nauchukulia kama namba ya NIDA: unaweza kuitwa Mama Neema nyumbani na Mwalimu kazini, namba ni ile ile. Kwa kuwa hata majina haya hubadilika, tulihakiki lipi linatumika sasa kwenye tovuti ya Plants of the World Online ya bustani ya Kew, Uingereza. Ni ya bure, na inaonyesha pia majina ya zamani.

Pili, tukaongeza safu ya "majina mengine". Humo yakaingia majina ya zamani ya kitaalamu, ya Kiswahili, ya makabila na ya vitaluni. Ukitafuta neno lolote kati ya hayo, unaangukia mstari ule ule. Mistari 38 ikabaki 29.

Tatu, kwenye mchoro tukaacha alama fupi tu, kwa mfano MKW kwa mkwaju. Awali kijana alikuwa ameandika jina kamili pembeni ya kila mduara, kwa hiyo badiliko moja lilimlazimu kurekebisha mchoro, orodha na karatasi ya manunuzi. Akisahau sehemu moja, mmea uliokataliwa unanunuliwa. Sasa anarekebisha orodha peke yake, na mengine yanasoma kutoka huko. Programu nyingi za kazi hii zina uwezo huo, ila wengi huandika kwa mkono kwa sababu ya haraka.

Nne, na hili ndilo ningependa kila mzazi alishike: mmea uliokataliwa haufutwi. Unabaki kwenye orodha ukiwa na majina yake yote, idadi sifuri, neno HAPANA na sababu. Ukiufuta, mwakani mtu mwingine ataurudisha kwa jina jingine, na hakuna atakayekumbuka kwamba uliwahi kujadiliwa. Ukiuacha, yeyote atakayetafuta jina hilo atakutana na sababu kwanza.

Tano, tukaweka safu ya wanyama, ambayo mtu wa Dar es Salaam hangeihitaji. Sitalike ina Mto Katuma na viboko wake, na kiboko hutoka majini usiku kutafuta majani. Nyasi laini za kijani karibu na mto ni kumwandalia meza. Maembe yaliyoiva nayo humwita tembo. Kwa hiyo tukauondoa mwembe kwenye kona inayotazama hifadhi. Mkwaju ukabaki, katikati ya uwanja kwa ajili ya kivuli. Bibi mmoja mlezi alifurahi sana, maana kwa wenyeji mkwaju ni mti wa heshima. Jina la Katavi lenyewe linatokana na Katabi, mzimu ambao masimulizi ya Wabende yanasema unakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi.

Orodha nzuri inasaidia pia siku ya dharura. Mtoto akitafuna mmea unaoutilia shaka, mtoe mabaki mdomoni, mnawishe mikono na umpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama anaonekana mzima. Usimlazimishe kutapika. Beba kipande cha mmea, na kama jina la kitaalamu unalo kwenye simu, mwonyeshe mhudumu. Ukimwambia "kala mbono" tu, hatajua ni mbono upi. Programu za kutambua mimea kwa picha, kama Pl@ntNet, husaidia kuanza kutafuta jina, lakini zisiwe sababu ya kuchelewa.

Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda kituo cha afya. Mtoto asilifikiche jicho, na msiweke maziwa ya mama wala dawa ya kienyeji.

Minyaa ndiyo mstari wa 30 kwenye orodha yetu, tulioongeza mwisho ingawa hakuna aliyepanga kuupanda. Uko upande wa jirani, uzio mrefu alioupanda kuonyesha mpaka wake kabla kituo hakijajengwa. Matawi yake yanaingia kwetu, na yakivunjika yanatoa utomvu mweupe. Dada alimwendea na kumwambia, "Shikamoo, baba. Naomba tuzungumze kuhusu uzio." Mzee hakutaka kuung'oa, na ana haki, ni mpaka wake. Walikubaliana atapunguza matawi siku za likizo, watoto wakiwa hawapo, nasi tutaweka wavu upande wetu.

Wavu bado unachangiwa. Hadi utakapofika, walimu wamechora mstari wa chokaa mita mbili kutoka kwenye uzio ule, na watoto wanajua kwamba mpira ukivuka, anaufuata mtu mzima.